Mstari wa Pili wa Ranti

Hapa Iseyin, mji wetu wa Wayoruba huku Nigeria, kijana akimtaka msichana anaulizia mambo mawili: ni wa nani, na herufi za damu yake ni zipi. La kwanza lina kusameheana. La pili halina. Mimi niliolewa kabla ya mambo haya ya herufi, na namshukuru Mungu, maana marehemu mume wangu alikuwa na tabu za kutosha kwa nje, sikuwa na haja ya kumchunguza mpaka ndani ya mishipa.

Mimi ndiye Iya Mulika, na iya kwetu ni mama. Nauza amala, ugali wa unga wa viazi vikuu, mkabala na maabara ya Bwana Fatoki, barabara tu katikati, na ukitaka kumjua mtu usimsikilize, mlishe. Ranti nimemlisha tangu siku alipoajiriwa. Jina lake kamili ni Morounranti lakini ulimi wangu hauna nafasi hiyo mchana, wateja wanapopanga foleni. Ni mwanamke mrefu, si msemaji, anayekula polepole kama anayetafuta mwiba hata pale pasipo samaki. Habari zake ndizo nitakazosema, na nikipandisha sauti mnivumilie, kwa sababu hasira haijanitoka.

Kazi yake ni kupima damu za wachumba. Alinieleza siku moja ya mvua, wateja hakuna, nami nikimmenyea viazi vikuu miguuni pake. Alisema wekundu wa damu unaletwa na protini moja, inaitwa himoglobini. Kwa watu wengi ni ya aina A. Wengine wamerithi aina nyingine, S, kwa mzazi mmoja au kwa wote wawili. Kwa macho huoni tofauti yoyote. Basi wanachukua tone la damu, wanalipasua kwa maji, wanaligusisha kwenye ukanda wa karatasi laini uliolowa, ukanda unalazwa juu ya tangi la maji ya dawa, kisha umeme unawashwa. Umeme unaivuta ile protini. A inakimbia mbele, S inajikokota nyuma. Ukizima umeme unaona mistari. Mwenye mmoja wa mbele ni AA, huyo aoe atakako. Mwenye miwili ni AS. Yeye haumwi kitu, anabeba magunia kama mwingine yeyote, lakini akizaa na AS mwenzake, mtoto anaweza kuokota S mbili, na huyo ndiye mtoto wa selimundu, wa kulia ameshikilia mifupa yake na wewe mama huna la kufanya ila kulia naye. Hakuna ukoo hapa ambao haujamzika mmoja. Ndiyo maana mchungaji wetu hafungishi ndoa mpaka aone majibu ya maabara, na imamu wa msikiti wa jirani naye hivyo hivyo.

Sasa nisikilizeni hapa. Mstari ukisimama, utajuaje umesimama mahali pa S kama huna mstari mwingine wa kulinganisha nao? Maabara za wenye uwezo zinaagiza damu ya mfano. Bwana Fatoki aliona ni upuuzi kuagiza damu wakati wafanyakazi wake wanatembea nayo. Yeye ni AA, kwa hiyo kila ukanda ulianza na tone lake. Ranti ni AS, kwa hiyo tone la pili lilikuwa lake. Baada yao ndipo walipangwa wenye shida zao. Mstari wako wa pili ukilala sambamba na wa Ranti, basi wewe ni S, kaa chini upate maji ya kunywa.

Mji mzima ulijua hivyo, na mji ukijua jambo hulipa jina. Wasichana wakitoka kupimwa, wenzao wanawauliza, "Vipi, umelala na Ranti?" Wageni wakilisikia swali hilo wanatazamana. Sisi tulishazoea. Lakini jaribu wewe kuwa Ranti, mwanamke wa kwaya, jina lako liko midomoni mwa watu namna hiyo. Kwenye harusi hawakumwalika. Akipita sokoni na kijana na msichana wameshikana mikono, mikono inaachana. Alipanga chumba kwa shangazi yake, nyuma ya kanisa, na njia yake ilikuwa chumbani, maabara, benchi langu, chumbani.

Adejare, Jare kwa kifupi, ndiye aliyeivuruga njia hiyo. Ni mfumaji wa aso-oke, vitambaa vya sherehe, vidole vyepesi, mdomo mwepesi zaidi. Alikuja kula kwangu akamkuta Ranti kwenye benchi, na tangu siku hiyo akawa na njaa kila siku saa ile ile. Sijawahi kuona mtu mwembamba anakula vile. Alimchekesha Ranti mpaka akapaliwa na mchuzi wa ewedu, ule mlenda wetu, ikabidi nimpige mgongoni. Nikasema moyoni, afadhali, huyu dada atatoka.

Halafu Ranti akampima. Alimpima yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na mstari wa pili wa Jare ukalala pale pale ulipolala wa kwake. Akarudia. Bwana Fatoki akarudia. AS na AS. Mchungaji akafunga kitabu chake akasema atawaombea.

Jare alikuwa tayari kuoana bila mchungaji. Alisema hapo hapo benchini, mbele yangu, "Twende kwa msajili. Watoto ni mapenzi ya Mungu. Wengine wanapata wazima wote."

"Na wengine hawapati," Ranti akamjibu. "Mimi ninawatoa damu watoto hao, Jare. Nawashika wakiwa wanapiga kelele. Sitamzaa mtoto nikijua."

"Basi tusizae."

"Leo unasema hivyo. Mama yako atakusemesha vingine."

Akaondoka benchini, na kuanzia siku hiyo akawa anakulia jikoni kwangu, kwenye moshi, ili Jare asimwone. Jare aliendelea kuja. Mwaka ukapita, na mwingine, na mimi katikati nikiwa mjumbe wao.

"Iya, jamaa amekula?" ananiuliza huku amejificha nyuma ya masufuria.

"Amekula. Ameuliza habari zako, nimemwambia umekufa."

"Akasemaje?"

"Akasema poleni kwa msiba, niongezee nyama."

Anacheka, kisha machozi yanamtoka, anasingizia moshi. Siku moja aliniambia, "Iya, nimefungwa na kufuli lenyewe liko ndani ya mwili wangu. Ningejua wapi ningelitoa." Nikamwambia ale, chakula kinapoa. Ningemwambia nini kingine?

Mama yake Jare alipochoka kungoja alimchukua mwanawe kwa nguvu, akampeleka kwa Baba Tito, dereva wa lori la viazi vikuu, mwenye binti anayeitwa Bolatito, Tito kwa kifupi. Msichana mzuri, sina neno naye, mcheshi, mwenye heshima. Ukoo na ukoo wakatambulishana, ngoma zikapigwa, Jumamosi ya harusi ikatajwa. Mtu akathubutu kuuliza herufi. Baba Tito akasimama na kifua mbele: "Binti yangu ni O chanya. Damu safi kabisa." Watu wakainamisha vichwa wacheke kimya kimya. Hilo ni kundi la damu, la kuongezewa ukiumia. Herufi za ndoa ni nyingine. Lakini nani angemsahihisha Baba Tito, mtu mwenye mikono kama majembe? Wakamwachia mchungaji amwambie.

Wakati huo huo Bwana Fatoki aliajiri mtu wa pili, Fehintola, mwanamke aliyefanya kazi Ibadan, mdomo wake haujui likizo. Siku ya kwanza tu aliuliza kwa nini hawatumii unga. Kuna unga, akasema, unauchanganya na maji yake kwenye kichupa cha kioo, unatia damu kidogo, unakishika kichupa mbele ya karatasi yenye mistari myeusi. Kama kuna S ndani, ile protini inagandamana, maji yanaingia ukungu, na mistari ya nyuma huioni. Kama hakuna, unaiona waziwazi. Bwana Fatoki akaagiza kopo.

Nilikuwepo siku walipoufungua, nimewapelekea chakula. Unga mpya unajaribiwa kwanza kwa damu unayoijua. Na damu ya S inayojulikana kuliko zote mjini ni ipi? Ranti akakunja mkono wa gauni, akatoa, wakachanganya, wakangoja. Maji meupe, hayana hata wingu. Mimi niliyekuwa mlangoni na sinia kichwani niliiona mistari ile.

"Unga mbovu," Bwana Fatoki akasema, akampigia simu muuzaji, wakatukanana mpaka nikaona haya kwa niaba yao. Kopo likarudishwa. Likaja la pili. Damu ya Ranti, maji meupe. Bwana Fatoki akasema Ibadan yote imeoza, tangu lini wakauza kitu kizima.

Fehintola akasema, "Bwana, jaribu kwa damu yangu. Mimi ni AS. Mdogo wangu alikuwa na S mbili, tumemzika."

Wakajaribu. Kichupa kikajaa ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Wakakiweka pembeni ya kile cha Ranti. Bwana Fatoki akavua miwani, akaivaa, akaivua. Fehintola, ambaye hana breki, akasema, "Dada, wewe si S."

Fehintola alipeleka damu ya Ranti kwa mwalimu wake Ibadan. Huko wana tangi jingine, maji yake ni makali kama ndimu, na kwenye maji hayo mbio zinabadilika. Zile zinazojikokota pamoja kwenye tangi letu, kule zinaachana. Jibu likaja: Ranti ni AG. G ni aina nyingine, ya nadra, haimdhuru mtu, hata ikikutana na S kwa mtoto haileti ugonjwa. Ila kwenye ukanda wa Bwana Fatoki inatembea mwendo ule ule wa S, na inasimama pale pale. Ukanda haukuwa na njia ya kuzitofautisha. Na sisi tulikuwa tumeufanya mstari wa Ranti kuwa kipimo, kwa hiyo mtu wa mwisho ambaye tungemtilia shaka alikuwa ni Ranti mwenyewe.

Alikuja kwangu na habari hiyo, akakaa benchini hadharani, mahali ambapo hakuwa amekaa tangu zamani. Nikampakulia. Akafinyanga tonge, likabaki mkononi.

"Iya, ningekuwa nimeshazaa."

"Nyanyuka," nikamwambia. "Nyanyuka sasa hivi uende kwa Jare. Chakula nitakufunikia."

"Ameshatambulishwa kwa watu."

"Kutambulishwa si kuoa. Ngoma si nikahi."

"Nikamwambie nini? Kwamba nimetakasika? Harusi yake ikiwa wiki ijayo? Watanionaje?"

"Watakuona mwanamke mwenye akili, kwa mara ya kwanza."

Akasema atamwambia Jumapili, baada ya kanisa. Nilimtukana. Nilimwambia Jumapili ni siku ya watu waoga, na maji yakimwagika hayazoleki. Akatikisa kichwa tu. Mtu aliyekaa ndani muda mrefu, ukimfungulia mlango anasimama kizingitini kwanza.

Bwana Fatoki naye alikuwa hana raha. Alinijia jikoni, mtu mzima, akaomba nisiseme kitu. "Mji ukisikia leo, kila niliyemtenganisha na mchumba wake atanijia na panga." Lakini sitamwonea. Aliagiza kuanzia siku ile kila mstari wa pili upimwe na kwa unga pia, na wale wa zamani waitwe mmoja mmoja, taratibu, wapimwe upya. Fehintola ndiye aliyepewa kazi ya kuwaita.

Kabla ya hiyo Jumapili Tito akaja. Mchungaji alikuwa ameshamweleza Baba Tito kwamba O chanya haifungishi ndoa. Msichana akaja peke yake, anatabasamu, akapiga magoti kumsalimia Ranti, akanyoosha mkono. Ranti akamtoa damu. Hebu mfikirie. Umeme ukawashwa, mistari ikatembea, na mstari wa pili wa Tito ukalala na Ranti. Wakatia kwenye unga. Ukungu. Fehintola akarudia kwa mkono wake, ukungu. Jare, ambaye Fehintola alishamwita akarudiwa kipimo, naye alikuwa ukungu. Hakuna G hapo. Hawa wawili walikuwa S kwelikweli, na ndoa yao ingekuwa ile ile ambayo Ranti aliikimbia.

Sasa mwanamke huyu aseme nini? Akiandika AA, anawapeleka watoto wa mwenzake kwenye maumivu anayoyajua kuliko sisi sote. Akiandika AS, yeye ndiye mchumba wa zamani anayevunja harusi ya mchumba wa sasa. Na akiongeza kwamba, samahani, mimi mwenyewe nimegunduliwa si AS tena, nani ataacha kucheka? Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Aliandika AS. Hakufikiria mara mbili hapo, hilo alinihakikishia.

Kesho yake Baba Tito alifika uani pa maabara na ndugu zake, na mama yake Jare, na Jare mwenyewe nyuma yao. Mimi niliacha sufuria ikiungua nikavuka barabara.

"Nani amempima binti yangu?"

Ranti akatoka, akapiga magoti. "Mimi, Baba."

"Wewe ndiye uliyemkosa kijana huyu."

"Ndiyo, Baba."

"Na wewe ndiye unayesema binti yangu naye amkose." Akawageukia ndugu zake. "Mnaona? Ameketi mlangoni, hapiti yeye, hapiti mtu."

Bwana Fatoki akasema, "Mzee, nendeni Ibadan mkapime huko. Mimi sina ubishi."

"Kabla sijafika Ibadan simu yako itakuwa imeshafika. Nyinyi wa vichupa mnajuana." Akamtazama Ranti. "Mimi sikusoma. Lakini naambiwa mnapima kwa damu yako wewe. Mtu akifanana na wewe, kwisha. Ni kweli?"

"Ni kweli, Baba."

"Basi sikiliza. Kama kipimo chako hakijawahi kumwonea mtu, nitamrudisha binti yangu nyumbani, ng'ombe nitamrudisha zizini, nitanyamaza. Lakini kama kimewahi kukosea, hata kwa mtu mmoja, basi na kwa binti yangu kimekosea, na Jumamosi tunacheza. Wewe ni mjukuu wa mhunzi, najua kwenu. Hatutapigizana kelele."

Akaingiza mkono mfukoni akatoa spana. Hapa kwetu mahakamani watu wanashika Biblia na Kurani, wanasema uongo, wanarudi nyumbani wanakula. Chuma hakuna anayekichezea, ukikiapia uongo kinakuua. Dereva anaapa kwacho kila asubuhi kabla ya kuwasha gari. Na Ranti, pamoja na kwaya yake, babu yake aliishi na nyundo mkononi, na aliwahi kuniambia kwamba usiku anaweza kumkosea Mungu akatubu asubuhi, lakini chuma hakisikii toba.

"Weka ulimi hapa," Baba Tito akasema. "Sema binti yangu amelala na Ranti. Kisha sema, kama nimelisema hili kwa ajili ya mwanamume huyu, au nikija kumchukua mwanamume huyu, chuma kinile."

Nilimwona akifikiri. Neno moja tu, "kiliwahi kukosea kwangu", lilikuwa linamtoa yeye na linamwingiza Tito. Yule mzee alikuwa ameshasema atalifanyia nini neno hilo. Angemwambia habari ya unga, ya G, ya maji makali ya Ibadan? Baba Tito angesikia "kimekosea", basi, mengine yangekuwa kelele, na binti yake angekwenda na AA ya uongo kwa Jare au kwa mwanamume mwingine yeyote. Ranti akamtazama Jare. Jare alikuwa anamtazama, amefunga mdomo, mikono yote miwili ameikumbatia kifuani kama mtu mwenye baridi. Mimi nilikuwa nimeshafungua kinywa changu. Ranti akanigeuzia macho, nikakifunga.

Akainama, akaweka ulimi juu ya spana.

"Binti yako amelala na Ranti," akasema. Na hakusema uongo, Mungu shahidi, mstari ulilala na mstari. Kisha akasema na lile la pili, lote, neno kwa neno, kama lilivyotolewa. Sauti yake haikutikisika. Yangu ingetikisika.

Baba Tito akapangusa spana kwa kanzu yake. Akamwambia, "Nimekubali. Umeniumiza, lakini nimekubali." Wakaondoka. Tito alikuwa amekaa kwenye lori nje, analia, hajui kwamba kuna mtu ndani aliyelipia zaidi yake.

Ranti alirudi ndani akamaliza kazi. Mimi nilirudi kwenye sufuria iliyoungua, nikampiga teke mbuzi wa watu asiye na hatia.

Jare hakuonekana kwa muda. Alipokuja alikaa benchini, akaomba kidogo, na hicho kidogo akakichokoa tu. Nilivumilia mpaka nikashindwa. Mimi nilikuwa sijalamba chuma cha mtu.

"Jare, nikwambie jambo. Yule si AS. Hakuwahi kuwa AS. Tangi lilimsingizia."

"Najua, Iya."

Nikaweka upawa chini. "Unajua tangu lini?"

"Fehintola aliniambia aliponiita kurudia kipimo. Unamjua alivyo."

"Kabla ya kile kiapo?"

"Kabla."

"Na ukasimama pale kama nguzo?"

"Nilikuwa namngoja aseme," akasema. "Nilijiambia, akisema tu kwamba yeye si AS, namshika mkono mbele yao wote. Tito nisingemchukua hata angeambiwa ni AA ya dhahabu. Lakini ningeanza mimi kusema, wangesema tumepanga, mimi na yeye na wa vichupa. Nikamwachia yeye. Nikaona anainama. Nikafikiri labda hanitaki tena, Iya. Nimefikiri hivyo mpaka juzi."

"Na juzi?"

"Juzi nimemfuata kwa shangazi yake. Nimemwambia tuhame, twende Ilorin, nani atatujua. Anasema chuma hakina mpaka. Nikapiga magoti, mimi, mwanamume. Anasema, laiti ningekuwa sijaapa." Akasukuma sahani. "Mama ameshanipatia msichana mmoja wa Saki. AA. Wamempima kwa unga na kwa kila kitu."

"Ulimwambia Ranti kwamba ulikuwa unajua? Siku ile uani?"

Akatikisa kichwa. "Ningemwambia ili iweje?"

Sasa hapo ndipo watu wanaponilaumu, na walaumu wachoke. Ranti alipokuja mchana nilimwambia. Nilimwambia kwa sababu nilikuwa na hasira na wote wawili, na kwa sababu nisingeweza kumlisha kila siku na neno hilo limenikaa kooni. Alikuwa ameshafinyanga tonge.

"Jare alikuwa anajua," nikasema. "Pale uani. Fehintola alishamwambia."

"Alikuwa anajua nini?"

"Kwamba wewe si S. Alikuwa anangoja useme. Yeye asingemchukua Tito hata kidogo, hata kama baba yake angecheza mpaka asubuhi."

Mchuzi ulikuwa unamtiririka Ranti kwenye kiganja na hakuwa na habari.

"Kabla sijagusa chuma?"

"Kabla."

Akalirudisha tonge kwenye sahani. Akavuta bakuli la maji akanawa mikono, vizuri, kidole kwa kidole, chakula kikiwa bado kizima. Halafu akasimama akavuka barabara, maana kwenye benchi la maabara walikuwa wamekaa wawili, msichana na kijana, wanamngoja awapime.